Herufi Moja katika Ujumbe wa Felix

Mwezi wa saba, watu wa Iyula hawana Jumamosi. Kahawa ikiiva imeiva, haijali kama shule imefungwa au la. Ndiyo maana Loisi, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa amesimama kando ya kichanja cha kuanikia tangu saa moja asubuhi, akichambua punje zilizovunjika na kuzitia kwenye kopo. Baba yake, Mzee Hezron, alikuwa akizungusha mashine ya kumenyea kahawa, na Bibi Enesi alikuwa ameketi juani akiota moto wa bure, kama alivyozoea kuliita jua la asubuhi.

Loisi alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa rasmi. Alikuwa mkalimani wa kitongoji. Dawa ya kahawa ikija na maelezo ya Kiingereza, chupa ililetwa kwake. Mtu akipata ujumbe asiouelewa kwenye simu, alitafutwa Loisi. Alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, hilo ni kweli. Lakini sifa zake zilikuwa zimekimbia na kumwacha nyuma kidogo, na mahali ambapo hakujua, alibahatisha. Mara nyingi alipatia, na watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Loisi aliupenda sana mshangao ule.

Saa mbili na nusu simu ya Baba ililia mlio wa ujumbe. Baba alifuta mikono, akaangalia, akaona namba ya Zambia.

"Ni Felix," alisema. "Loisi, njoo usome."

Felix alikuwa mtoto wa Shangazi Yunisi, dada yake Baba, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Wakikutana, Felix aliongea na Bibi kwa lugha ya nyumbani bila shida. Lakini shule alisomea Zambia, Kiswahili chake cha kuandika kilikuwa kibovu, kwa hiyo ujumbe wake wote ulikuja kwa Kiingereza. Loisi alipokea simu kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa inateleza kwa utomvu wa kahawa, akasoma:

"Mum is dyeing today. She wants granny to bring the white cloths. Please come early."

Alisoma mara moja. Moyo ukampasuka.

"Nini?" Baba aliuliza.

"Anasema mama yake anakufa leo," Loisi alisema polepole. "Anataka Bibi apeleke zile nguo nyeupe. Anasema twende mapema."

Mama yake Loisi, aliyekuwa akitoka jikoni na sufuria, aliiweka chini bila kuangalia anaiweka wapi.

Hapa lazima tuseme jambo moja ambalo Loisi hakulisema. Alipokuwa akisoma, jicho lake lilikwama. Mwalimu wao, Mwalimu Gwantwa, alikuwa amewafundisha kwamba neno la kufa, "die", likiwa katika hali ya kuendelea huandikwa "dying". Hapa palikuwa na herufi "e" katikati, ambayo haikuwa na kazi mahali pale. Loisi aliiona. Aliwaza labda Felix amekosea, kama watu wanavyokosea wakiandika haraka. Angeweza kusema, "Baba, kuna neno hapa silielewi vizuri." Lakini macho ya watu watatu yalikuwa usoni pake, na mkalimani hazoei kusema haelewi. Akanyamaza.

Baba alipiga ile namba. Haikupatikana. Alipiga ya Shangazi mwenyewe, ambaye simu yake wiki nzima ilikuwa kwa fundi. Haikupatikana pia.

Bibi Enesi hakulia. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake, na Loisi akasikia kifuniko cha sanduku la bati kikifunguliwa. Kila mtu nyumbani alijua kilichomo. Bibi alikuwa na shuka mbili nyeupe za pamba tupu, alizozinunua mwenyewe miaka mingi iliyopita na kuziweka kwa ajili ya kuzikwa. Alizifua kila mwaka, akazianika, akazikunja tena. Hakuruhusu mtu kuzitandika hata siku mgeni alipokosa shuka. Ilikuwa sanda yake, na aliizungumzia bila woga kama mtu anayezungumzia mwavuli.

Alitoka akiwa amezifunga katika kitenge.

"Mama, hizo ni zako," Baba alisema kwa sauti ya chini.

"Ni mwanangu wa kike wa pekee," Bibi alijibu. "Amezitaka. Mimi nitazikwa na chochote."

Loisi aliinama akaokota kopo lake la punje.

Msiba hauhitaji tangazo refu. Kabla Baba hajapata pikipiki, akina mama wa kanisani walikuwa wameanza kuingia uani, huyu na kuni, yule na unga, mwingine na debe la maharage. Mama alibaki nao. Baba, Bibi na Loisi waliondoka, Loisi akiwa amechukuliwa kwa sababu ya Kiingereza chake, maana Baba alisema huenda kutakuwa na karatasi za hospitali.

Katika gari la kwenda Tunduma, mama mmoja alimpa Bibi chungwa lililomenywa, akalishika mkononi safari nzima bila kulila. Loisi alimtazama. Midomo ya Bibi ilikuwa ikicheza kidogo, na Loisi alipoinama alisikia kwamba anamwita Shangazi kwa jina la utotoni, mara kwa mara, kama mtu anayemwamsha mtoto. Loisi hakuwahi kusikia jina lile. Aliogopa, tena hofu ya heshima, kama vile amefungua mlango wa chumba ambacho hakupaswa kukiona.

Na ile "e" haikumtoka kichwani. Aliwaza "lie, lying". Akawaza "tie, tying". "Die, dying". Hakuna lililobakiza "e". Felix alikuwa kidato cha pili, na mashindano ya kuandika maneno alikuwa ameshinda mpaka akapewa cheti. Mtu wa namna hiyo hukosea neno la kufa la mama yake mzazi?

Walishuka Tunduma saa tano kasoro. Malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida, wabadilisha fedha wakiwaita wapita njia, na vijana wakiuza maji. Kwenye jengo la mpakani Baba alimketisha Bibi kwenye benchi la kivulini, akaenda kupanga foleni ya vibali. Loisi alisimama nyuma yake. Walikuwa na watu tisa mbele yao.

"Baba," alisema.

"Mm."

"Neno lile sikulijua vizuri."

Baba aligeuka. "Neno lipi?"

"La kufa. Lina herufi imezidi. Niliiona nyumbani nikanyamaza. Nilidhani Felix amekosea. Lakini labda ni neno jingine ambalo mimi silijui."

Baba alimtazama mpaka foleni ikasogea, na mwanamume wa nyuma yao akamwambia, "Mzee, twende basi." Baba hakwenda. Alitoka kwenye foleni, akamshika Loisi mkono, wakavuka barabara mpaka duka dogo la madaftari na vitabu.

"Mama, habari za kazi," Baba alimwambia mwenye duka. "Tunaomba kuangalia neno moja katika kamusi. Si kununua, nisikudanganye. Ni jambo la mgonjwa."

Mwenye duka aliwatazama nyuso zao, akatoa kamusi nene ya Kiingereza na Kiswahili bila kuuliza.

Loisi aliweka kitabu juu ya meza ya kioo. Alilikuta "die" kwanza: kufa, kufariki. Chini yake palikuwa na "dying", bila "e". Aliendelea kufungua kurasa. Alipita maneno ya mbwa na ya mlango, ya ndoto na ya ngoma, na mwishoni kabisa mwa maneno ya herufi "d", karibu na ukingo wa ukurasa, akalikuta neno ambalo hajawahi kuliona maishani mwake. Liliandikwa "dye", na maana yake ilikuwa kutia rangi nguo au nywele. Chini yake palikuwa na "dyeing".

Loisi aliyatamka maneno yote mawili kwa sauti ya chini. Yalisikika sawa. Ukiyatamka hakuna sikio duniani linaloweza kuyatenganisha. Lakini moja lilikuwa kaburi, na jingine lilikuwa sufuria ya rangi, na kati yao palikuwa na herufi moja ndogo kuliko punje ya ulezi. Alihisi kama amesimama kwenye ukingo wa mlima usiku mzima bila kujua, na sasa kumepambazuka na anaona alipokuwa amekanyaga.

"Shangazi yako hutia rangi vitambaa," Baba alisema, akiwa ameweka kidole kwenye mstari. "Alianza mwaka jana. Aliniambia kwenye simu. Nikasahau."

"Kwa hiyo yuko hai, Baba?"

"Sijui. Na wewe hujui. Felix anaweza kuwa amekosea kweli." Alifunga kamusi taratibu, akamrudishia mwenye duka na kumshukuru. Walipofika barabarani alisimama. "Nina hasira, Loisi. Nitakueleza baadaye nina hasira kiasi gani. Sasa tunakwenda kwa Bibi, na utasema wewe."

"Nimwambie Shangazi ni mzima?"

"Ukimwambia ni mzima halafu tukakuta msiba, utakuwa umemzika mtoto wake mara mbili. Mwambie ilivyo, kwamba hatujui."

Loisi alikuwa amewahi kusoma risala mbele ya mkuu wa wilaya bila kutetemeka. Lakini alipopiga magoti mbele ya Bibi Enesi, kati ya miguu ya watu na mabegi yao, alianza katikati ya habari. Ilibidi aanze mara mbili. Alimweleza kuhusu herufi. Alimweleza kwamba aliiona asubuhi na akaficha kwa sababu ya kupenda sifa. Alimweleza neno jingine alilolikuta kwenye kamusi, na kwamba hata sasa hana uhakika ni lipi la kweli.

Bibi alisikiliza huku mikono ikiwa juu ya kitenge kilichofungwa.

"Kwa hiyo inawezekana anapika rangi," alisema hatimaye.

"Inawezekana, Bibi."

"Au inawezekana amelala."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

Bibi akatazama lile chungwa mkononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza analiona, akang'ata kipande. "Haya," alisema. "Hezron, foleni hiyo ikoje? Watu hawa hawana haraka?"

Walivuka saa sita. Upande wa pili watu walisalimiana kwa Kibemba, "mwapoleni, mwapoleni", na Bibi aliitikia huku akitembea. Ndiyo, alikuwa anatembea, yule mzee aliyeshikwa mkono tangu Iyula. Baba na Loisi walikuwa nyuma yake wakijitahidi. Walikata kushoto nyuma ya soko, wakaingia uchochoro wa nyumba za matofali, na hapo Bibi akasimama ghafla.

Wanawake walikuwa wanaimba.

Sauti zilitoka uani kwa Shangazi Yunisi. Huku kwetu wanawake huimba kwenye kazi, na huimba pia msibani, na ukiwa mbali huwezi kujua. Loisi alimwona Bibi amefumba macho. Alimwona Baba amevua kofia. Yeye mwenyewe alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, yenye herufi moja tu, ile "e".

Upepo ukavuma, na juu ya ukuta kukatokea kitambaa. Kilikuwa cha bluu, bluu nzito yenye miduara myeupe. Kikainuka, kikashuka, na nyuma yake kikaonekana cha njano, halafu cha kijani. Msibani watu hawaaniki nguo za namna hiyo.

Baba alisukuma geti la bati. Wanawake watatu walikuwa wamezunguka mapipa, wakikoroga kwa miti mirefu, na katikati yao alisimama Shangazi Yunisi, mnene, mzima, jasho likimtiririka, mkono wake wa kulia ukiwa wa bluu mpaka kwenye kiwiko.

"Mama," alisema kwa furaha. "Mmechelewa. Mwenzenu nimewangoja tangu asubuhi."

Bibi Enesi alimwendea, akaushika ule mkono wa bluu, akaugeuza, akaubonyeza kidole kimoja kimoja kana kwamba anavihesabu. Kisha akamwita lile jina la utotoni, safari hii kwa sauti, na akaketi chini kwenye udongo, na ndipo alipolia. Wanawake wote wakaacha kuimba. Loisi naye alilia, na hakuona aibu hata kidogo.

Baada ya maneno mengi na maji ya kunywa, mambo yakaeleweka. Felix alieleza kwamba umeme ulikatika asubuhi na simu, iliyokuwa haijapata chaji, ikazimika dakika chache tu baada ya kutuma ujumbe.

"Lakini mimi naweka 'e'," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Naweka vizuri. Naangalia mara mbili."

"Uliweka vizuri, kaka," Loisi alisema. "Mimi ndiye niliyeitoa."

Shangazi Yunisi alicheka mpaka akajifuta machozi, akajiachia bluu shavuni. "Msimwonee mtoto peke yake. Mimi mwenyewe mteja wa Lusaka aliniandikia anataka 'sew', nimshonee magauni. Nikasoma 'sow', nikadhani ananiuliza habari za kupanda mbegu. Nikamjibu, subiri mvua, mama, mwezi wa kumi na moja ndiyo vizuri. Hakunirudia tena yule mama."

Bibi hakuwa amecheka. "Na nguo nyeupe?" aliuliza. "Uliitakia nini sanda yangu?"

Shangazi aliacha kucheka. Alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, ni pamba tupu. Za dukani siku hizi zimechanganywa nailoni, zinakataa rangi. Lakini si hilo tu. Miaka yote umefua nguo nzuri kuliko zote ulizo nazo ukingoja kufa. Mimi nilitaka nizitie rangi uzivae."

Bibi alitazama kile kitenge kwa muda mrefu. Kisha alifungua fundo mwenyewe.

Shangazi alivaa glavu mpya, ile ya asubuhi ikiwa imetoboka na kumwachia ule mkono wa bluu, akatumbukiza shuka ya kwanza katika pipa. Loisi alisogea mpaka alipozuiwa. Alingoja itoke ya bluu. Ilipoinuliwa ilikuwa ya kijani kibichi chenye manjano, kama jani changa la mgomba, na Loisi akadhani imeharibika.

"Ngoja," Shangazi alisema. "Usiseme kitu mpaka umeona."

Aliitandaza kwenye kamba. Na pale pale, mbele ya macho yao, bila mtu kuigusa, ukingo wa shuka ulianza kugeuka. Bluu ilitambaa kutoka pindoni kwenda katikati, ikameza ule ujani polepole, mpaka nguo yote ikawa rangi ya mlima unaouona kwa mbali asubuhi. Vinyweleo vya mikono ya Loisi vilisimama.

"Nani amefanya hivyo?" alinong'ona.

"Hewa," Shangazi alijibu. "Hewa hiyo hiyo unayovuta. Ndani ya pipa rangi hiyo haionekani. Naifanya kila siku, na kila siku nasimama kuitazama."

Jua la mwezi wa saba na upepo wa Nakonde vilikausha shuka ile kabla ya saa tisa. Bibi alijifunga, pindo likiwa bado na unyevu, ya pili akamwachia Shangazi, wakaaga, wakarudi.

Baba alikuwa amempigia Mama simu kutoka Tunduma, lakini alimwambia jambo moja tu, kwamba Yunisi ni mzima na mengine Loisi ataeleza mwenyewe. Kwa hiyo walipofika, uani kulijaa watu, maharage yameiva, na wote wakageuka kumtazama Bibi Enesi aliyeondoka na sanda nyeupe akirudi amevaa bluu. Mama mmoja alishika mdomo.

Hapo Loisi alijua hasira ya Baba ilikuwa kiasi gani. Alisogea katikati. Aliwaambia wote, bila kupunguza, kwamba kulikuwa na neno ambalo hakulijua, na kwamba alilitafsiri kama analijua. Aliomba radhi kwa kuni zao na unga wao na machozi yao. Watoto wa jirani walianza kucheka pembeni, na mmoja akasema, "Mkalimani huyo."

"Msimcheke," Bibi Enesi alisema, na uani pakatulia. "Asubuhi mtoto huyu alisema anajua, nami nikambeba mwanangu maiti kichwani kutoka hapa mpaka Tunduma. Mchana akasema hajui, hapo hapo nikapata nguvu ya kutembea. Neno usilolijua, sema hulijui, kisha ulitafute. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kumpa mwenzako uongo akaubeba kwa sababu anakuamini."

Alimshika Loisi mkono, akamketisha karibu naye kwenye mkeka.

"Sasa tuleteeni hayo maharage," alisema. "Yunisi amenipa salamu zenu wote, na mimi tangu jana sijala kitu zaidi ya chungwa."